Mikrofoni Iliyouma Mtu Mmoja

Ninyi mnaofungua amplifaya mkiwa mmeegemeza simu kwenye kikombe ili mtazame video ya mtu wa mbali akifungua yake, sina ugomvi nanyi. Video hizo zingekuwako zamani, hata mimi ningezitazama. Shida yangu ni kwamba yule mtu wa kwenye video ana meza safi, ana stima isiyokatika kila mvua ikinyesha, na amplifaya yake haijawahi kukaa jikoni. Zetu hukaa jikoni. Nisikilizeni kidogo, kisha mrudi kwenye video yenu.

Nilitengeneza redio, televisheni na amplifaya pale Chepseon, upande wa Kericho, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, mpaka macho yakakataa kusoma rangi za rezista, vile vijipande vidogo vya ndani. Wazazi wangu walitoka upande wa Nyeri wakaja kuuza nguo sokoni, biashara ikawakubali, wakakaa. Watu huniita Fundi Kariuki. Siku hizi duka lina mtu mwingine, nami niko nyumbani na ng'ombe wangu, pamoja na vyuma ambavyo mke wangu amekataa kabisa viingie sebuleni.

Kazi yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni kusafisha. Mtu analeta mashine anasema imeungua, imekufa, imelogwa. Unafungua unakuta vumbi, masizi, uchafu wa mende, na mjusi aliyekaukia kati ya waya. Ukiisafisha vizuri, mara nyingi inaamka. Ukiisafisha vibaya unaimaliza, na mwenyewe anakwenda kusema sokoni kwamba alikuletea ikiwa na kikohozi tu.

Nimeona watu wakisafisha vibaya kwa njia ambazo hamwezi kuzibuni. Mwalimu mmoja wa kwaya kutoka Bomet alitumbukiza amplifaya ndani ya beseni, akaisugua kwa sabuni ya unga, akaianika kwenye nyasi. Aliniletea ikiwa inang'aa na kunukia vizuri. Transfoma ilikuwa imekunywa maji ikashiba. Mwingine alitumia petroli, akakaa karibu na jiko kwa sababu ya baridi. Huyo hakuumia sana, ila nyusi zake zilichelewa kurudi, na kwa muda mrefu alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa habari ya kushangaza. Na jirani yangu mmoja, fundi mwenzangu, aliosha bodi kwa chang'aa. Ile pombe ina maji na mambo mengine ambayo mpishi mwenyewe hayajui. Bodi ilibaki na utando unaonata, na fundi, ambaye hakutaka chupa iharibike, hakuonekana kazini keshoye.

Aliyenifundisha mimi alikuwa mzee wa Kericho mjini, Arap Koech. Alikuwa akifanya kazi na mkono mmoja mfukoni. Wateja walidhani anaringa. Shemeji yake aliwahi kukasirika na kuondoka bila kunywa chai, eti anapokelewa na mtu aliyetia mkono mfukoni. Lakini mzee alikuwa na sababu yake. Ukigusa chuma chenye stima kwa mkono mmoja na huu mwingine umeshika chuma cha pili, stima inavuka kifuani, na moyo uko njiani. Mkono ulio mfukoni hauwezi kushika kitu. Hilo alinieleza mara moja tu, na baadaye kila nilipousahau mkono wangu mezani aliupiga kwa bisibisi.

Kitu cha pili alichonifundisha ni kungoja. Umechomoa plagi ukutani, vizuri, lakini mashine haijalala. Ndani mna kapasita kubwa, ile mikebe ya mviringo karibu na transfoma, nazo hubaki zimeshika stima hata kama waya uko mkononi mwako. Arap Koech alikuwa na balbu ya zamani, ya waya ndani, aliyoifunga nyaya mbili zenye ncha. Alizigusisha kwenye miguu ya kapasita, balbu ikawaka, ikafifia, ikazima. Kisha alipima kwa mita, na ndipo akasema, "Sasa imelala." Msitumie bisibisi kuilaza kwa cheche kama mnavyoona wengine wakifanya, mtaharibu kapasita na kushtuka bure. Na balbu hizi za kisasa za kuokoa stima hazifai kwa kazi hiyo. Mkiona ile ya zamani mahali popote, hata kwa nyanya zenu, ombeni.

Sasa niwaambie ya Boito, maana hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Mchungaji wa kanisa moja dogo huko Boito alizaliwa Chepseon, ndiyo maana alinijua. Ijumaa moja aliingia dukani na amplifaya ya kanisa amefunga ndani ya gunia la mbolea. Akaiweka mezani, akatazama mlango kama kuna mtu nyuma yake, ndipo akasema.

"Fundi, hii mashine inauma mtu."

"Inauma watu," nikasema.

"Hapana. Mtu."

Nikamwambia akae. Alinieleza kwamba kanisani kwake kuna msichana anaitwa Chepkorir, anachuma majani chai siku za kazi, na Jumapili ndiye mwimbaji anayetangulia kwaya. Mchungaji alihubiri na mikrofoni ile na haikumfanya kitu. Wazee wa kanisa walisoma matangazo nayo na haikuwafanya kitu. Chepkorir akiileta mdomoni, inamchoma. Wiki za kwanza alivumilia akadhani ni meno. Kisha siku moja ilimpiga shoti akaiangusha mbele ya watu wote, na siku hiyo kwenye benchi la nyuma walikuwa wameketi watu wa upande wa mchumba wake, waliokuja kumtazama kabla ya koito, yaani kabla ya zile familia mbili kukaa rasmi kuzungumza mahari. Walipotoka walisema wangojee kidogo.

"Wanangojea nini?" nikauliza.

"Unajua watu. Wanasema mbona mahali patakatifu panamkataa. Lazima ako na kitu amefanya na amenyamaza nayo. Mimi najua ni stima, Fundi. Lakini nikisema ni stima wananiuliza, mbona hiyo stima inamjua kwa jina?"

"Na yeye anasema nini?"

"Hana kitu ya kusema. Na hiyo ndiyo mbaya. Wazee wameamua Jumapili hii aitwe mbele, aungame, aombewe. Ataungama nini?"

Nilimtazama yule mchungaji. Alikuwa kijana bado, na jasho lilikuwa limemtoka ingawa Chepseon siku hiyo kulikuwa na baridi. Nikamwambia aniachie mashine, nitaileta Boito mwenyewe Jumamosi.

Alipoondoka niliifungua. Haikunipa taabu, kwa sababu kifuniko hakikuwa na skrubu hata moja, kiliketi tu. Kabla ya kugusa kitu nilifanya ninalowaomba mfanye ninyi pia. Nilitazama, na nikanusa. Pua ni chombo cha kazi. Kapasita iliyopasuka ina harufu yake, transfoma iliyoungua ina yake, panya ana yake. Hii ilinuka mursik.

Kwa wale wenu ambao hamjakulia huku, mursik ni maziwa ya kulaza ya Wakipsigis. Hulazwa ndani ya kibuyu, na kibuyu hicho hakisafishwi kwa kukioshaosha tu. Mama anachoma kijiti cha mti uitwao senetwet, anatia kaa lake ndani, anasugua kwa brashi ndefu ya kijiti, sosiot, mpaka kuta zote za ndani ziwe nyeusi. Kaa hilo ndilo linaloyatunza maziwa na kuyapa ladha. Majirani zangu wamenipa mursik maisha yangu yote, na nisingeikosea harufu ile hata nikiwa na mafua.

Masizi ya kawaida ya jikoni huanguka taratibu na kukaa sawasawa juu ya kila kitu. Haya hayakukaa hivyo. Katikati ya bodi kulikuwa kumefagiliwa, hata herufi ndogo za kiwandani zilisomeka, na uchafu mweusi ulikuwa umesukumwa pembeni kwa mistari, ukajaa kwenye kona ambapo waya wa ukutani unaingia, kati ya swichi na chuma cha sanduku. Mtu alikuwa amefanya kazi hiyo kwa bidii, na kwa muda mrefu. Na kaa, vijana, linapitisha stima. Ukilisaga likawa unga na ukalijaza kati ya waya wa moto na sanduku la chuma, umejenga njia ndogo. Nikageuka kutazama plagi. Ule waya wa tatu, wa kijani, unaopeleka stima iliyopotea ardhini, ulikuwa umekatwa. Basi stima ilifika kwenye sanduku, ikafika kwenye ganda la mikrofoni, ikakaa hapo ikingoja mtu wa kupitia.

Kwa nini inauma, nilijua. Kwa nini inamuuma mmoja, bodi haikuweza kuniambia. Kwa hivyo sikuisafisha. Hili nalo liwekeni kichwani: uchafu ukiutoa kabla hujajua ulikotoka, utaurudia. Nilikirudisha kifuniko, nikafunga vifaa vyangu kwenye begi, na Jumamosi asubuhi nikashika njia.

Boito ni majani chai mpaka mlangoni. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake na ilikuwa inajitayarisha tena. Mchungaji alinipeleka kwanza kwa mwenye kutunza mashine, kwa sababu kanisani hawakuiacha, waliogopa wezi. Ilikaa nyumbani kwa Kogo Taprandich (kogo ni nyanya kwa Kikipsigis), mjane mzee aliyeshika pia funguo za kanisa. Yeye ndiye nyanya aliyemlea Chepkorir tangu akiwa mtoto mchanga. Alikuwa mwembamba, amenyooka, na alinisalimia kwa mikono miwili.

"Karibu, Fundi. Umeleta mgonjwa wetu?"

"Nimeleta, Kogo. Nataka kuona mahali inalala."

Ililala jikoni, kwenye rafu, imefunikwa kitambaa kilichodariziwa maua. Vibuyu vyake vilining'inia ukuta huo huo. Nikamwuliza nani huisafisha.

"Ni mimi. Siwezi kuwachia mtu. Huyu mtoto anaimba ndani yake." Akanyoosha mkono akatoa sosiot nyembamba iliyokuwa imechomekwa peke yake juu ya rafu. "Natoa kifuniko, naingiza hii pole pole, natoa vumbi yote. Kila Jumamosi."

"Hii sosiot ni ya mashine peke yake?"

"Ilikuwa ya kibuyu ya mzee. Mzee alipokufa sikutaka kutengenezea mtu mwingine na hiyo. Nikasema isikae bure, ifanye kazi ya Mungu." Akaona naitazama sana. "Ni safi, Fundi. Angalia."

Akaipitisha kwenye kiganja chake. Iliacha mstari mweusi, naye akaniinulia kile kiganja nione jinsi ilivyo safi.

Nawaambia ukweli, sikuona cha kucheka. Kibuyu kilicho cheusi ndani ndicho kibuyu kisafi, na mama mwenye kibuyu cheupe ni mama mvivu, kila mtu wa huku anajua hivyo. Alikuwa ameitunza ile amplifaya kwa namna bora kabisa aliyoijua, kwa brashi aliyoithamini kuliko zote. Nilimwonea huruma mpaka nikakosa mahali pa kutazama, nikajifanya nafungua begi.

Wakati huo Chepkorir alirudi kutoka shambani, vidole vimeingia weusi wa majani. Nikawaomba twende sote kanisani anionyeshe anavyosimama anapoimba.

Sakafu ya kanisa ilikuwa ya simenti, na bado ilikuwa na unyevu kwa sababu Kogo alikuwa ameipiga deki asubuhi, na kwa baridi ya Boito sakafu iliyopigwa deki Jumamosi haijakauka Jumapili. Chepkorir alifika kwenye ile ngazi ya mbele, akainama, akavua viatu vyake vya plastiki, akavipanga pembeni, akapanda miguu mitupu.

"Mbona unavua?" nikauliza.

"Mahali hapa si pa viatu. Kogo alinifundisha nikiwa mdogo."

Nikamgeukia mchungaji. "Na wewe unahubiri na viatu?"

Akatazama miguu yake. Soli zilikuwa za mpira, nene. "Mimi nimezoea tu hivi," akasema.

Basi nikawa nimepata jibu langu, na halikunifurahisha. Wengine wote walisimama juu ya mpira, stima ikakosa njia. Yeye alisimama kwa heshima juu ya simenti yenye maji, na ikapita kwake. Sakafu ilioshwa na nyanya yake, viatu alivuliwa na nyanya yake, na mashine ilisafishwa na nyanya yake. Sikujua nianzie wapi kumwambia yule mama.

Nilianzia kwenye kazi. Turudi pia sisi kwenye kazi, kwa sababu haya ndiyo mtayahitaji.

Tuliporudi nyumbani manyunyu yalikuwa yameanza, na Kogo alitaka nifanyie jikoni, penye moto. Nilikataa, kwa sababu nilikuwa na chupa ya spiriti, na mvuke wake haupatani na moto. Nilifanyia barazani. Plagi ilikuwa imechomolewa, hata hivyo nilitoa balbu yangu ya zamani nikailaza mashine kwanza, nikapima. Nilipiga picha kila upande kwa simu, ili kila waya urudi kwake. Brashi yangu ni ya kupaka rangi, mpya, ya manyoya laini, na ile pete yake ya bati nimeizungushia utepe wa plastiki isije ikagusa chuma.

Uchafu wa kaa unaanzwa ukiwa mkavu. Ukikimbilia kuumwagia spiriti unakuwa wino, unaingia chini ya vipande na hautoki tena. Kwa hivyo niliinamisha bodi, nikapiga brashi kuelekea nje, mbali na uso wangu, nikiwa nimefunga kitambaa puani. Feni yake ndogo niliishika kwa kidole isizunguke. Ulipobaki ule ulioshika tu, ndipo nikachovya mswaki kwenye spiriti ile kali ya mafundi, si ile ya duka la dawa iliyozimuliwa kwa maji, nikasugua polepole na kufuta kwa kitambaa cha pamba. Kitambaa kilitoka cheusi, cha pili kikatoka cha kijivu, nikaendelea mpaka kikatoka kama kilivyoingia. Kwenye ile kona, bodi yenyewe ilikuwa imeanza kuungua mstari mwembamba. Huo hausafishwi, unakwanguliwa kwa kisu mpaka ufike mahali pazima, la sivyo stima itaifuata njia ile ile. Volyumu zilikuwa zinakwaruza, nikazipulizia dawa yake kidogo na kuzizungusha huku na huku. Si ile ya kufungulia nati zenye kutu, hiyo inaacha mafuta na kukaribisha vumbi.

Wakati vipande vikikauka nilifunga waya mpya wenye nyaya tatu, na ule wa kijani nikaukaza kwenye sanduku, baada ya kukwangua rangi mpaka chuma kionekane. Soketi ya kanisa nilikwenda kuipima nikakuta waya wake wa ardhini umeishia hewani nyuma ya ukuta. Mchungaji alishika nyundo akapigilia nondo ya shaba kwenye udongo, nami nikaunganisha ule waya wa ardhini na nondo hiyo. Tena nikaweka ile swichi inayojikata yenyewe stima ikipotea. Mwishowe, barazani tena, niliiwasha kupitia balbu, yaani balbu imefungwa njiani kati ya ukuta na mashine. Kama kuna hitilafu balbu inawaka sana na mashine inasalimika. Iliwaka kidogo ikafifia. Nikapima sanduku, nikapima mikrofoni. Hakukuwa na kitu.

Kogo alikuwa amekaa kigodani muda wote akitazama vile vitambaa vyeusi vikirundikana. Alikuwa amekwisha kuelewa kabla sijafungua kinywa, lakini nilimweleza yote, kwa Kiswahili changu na Kikipsigis chake nilichokiokota sokoni.

Aliokota kitambaa kimoja cheusi, akakigeuza. Kisha akasema, "Kwa hivyo ni mimi nilikuwa namchoma."

"Ni makaa, Kogo. Na ule waya mtu alikata."

"Makaa haikutembea peke yake."

Chepkorir alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia. Aliingia ndani akaanza kuwasha moto wa chai.

Mchungaji alinivuta kando. Alikuwa na wazo kwamba Jumapili aseme tu mashine iliharibika, ikatengenezwa, yakaisha, ili mama mzee asiaibike. Nikamwambia hilo ni lake na kanisa lake, mimi ni fundi. Lakini nilimwuliza: ukisema iliharibika, si watakuuliza tena mbona ilichagua? Usipotaja makaa, viatu na sakafu, jina la msichana linabaki palepale. Kogo ndiye aliyejibu, kumbe masikio yake yalikuwa mazima kuliko tulivyofikiri.

"Utalala hapa, Fundi," akasema. "Kesho tutaenda kanisa pamoja."

Jumapili kanisa lilijaa kuliko kawaida, na mnajua kwa nini. Watu wa upande wa mchumba walikuwa benchi lile la nyuma. Mchungaji hakuwa amemaliza kufungua ibada Kogo Taprandich alipoinuka, akaenda mbele, akatoa ile sosiot kwenye shuka yake akaiinua. Alisema kwa Kikipsigis, bila mikrofoni. Aliwaambia aliyomfanyia mjukuu wake bila kujua, moja baada ya jingine, brashi, sakafu, viatu. Kuna waliocheka kidogo mwanzoni, hasa kina mama, kwa sababu ya sosiot. Alipofika kwenye viatu hakuna aliyecheka.

"Msimwombee huyu mtoto," akamalizia. "Kama ni lazima mtu aombewe leo, niko hapa."

Mzee mmoja wa kanisa aliuliza kwa upole, "Na sasa imepona?" Wote wakanigeukia. Nikasimama, nikasema nimeisafisha, nimepima, haina neno.

Chepkorir alikuwa katikati ya kwaya. "Fundi amepima na nini?" akauliza.

"Na mita."

"Hiyo mita ilikuwa imevaa viatu?"

Hapo, vijana, hakuna video ingenisaidia. Nilikuwa nimepima mara kadhaa, na nilijua ninachokijua. Hata hivyo niliinama nikafungua kamba za viatu, na soksi zangu, mke wangu atanisamehe, zilikuwa na mashimo yake. Nikazivua pia. Ile simenti ilikuwa baridi na ina maji. Nilitembea mpaka mbele, nikaona kwamba kujua na kugusa si kitu kimoja. Tangu siku hiyo sikumrudishia mtu mashine nikasema ni salama kabla sijaigusa kama yeye atakavyoigusa. Nilitia mkono mmoja mfukoni, nikashika mikrofoni kwa mwingine, nikaiweka mdomoni.

"Moja, mbili," nikasema. "Moja, mbili."

Sauti ilitoka safi. Nikabaki nimesimama na mikrofoni mpaka Chepkorir akatoka kwenye safu. Alifika kwenye ngazi, akavua viatu vyake, akavipanga. Alinipokonya mikrofoni kwa adabu. Alipoisogeza mdomoni alifumba macho, na nikaona shingo yake ikikaza kama ya mtu anayengoja kupigwa. Midomo ikagusa chuma. Akangoja. Kisha akafumbua macho akawatazama, si kwaya, si wazee, bali benchi la nyuma.

"Sikuwa na kitu ya kuungama," akasema.

Watu walingoja wimbo. Mpiga kinanda alikuwa ameweka vidole tayari. Chepkorir akampa mchungaji mikrofoni, akavaa viatu vyake, akaenda kukaa kando ya nyanya yake, na siku hiyo kwaya iliimba bila yeye.